Baa ya Kale ya Edale na Vilima Vyake: Mwongozo Kamili wa Safari ya Siku Moja

Watu wanaokwenda Edale kwa mara ya kwanza hurudi na malalamiko yanayofanana. Jiko la baa lilikuwa limefungwa, walikaa mezani nusu saa bila kuhudumiwa, viatu vililowa hadi soksi, na treni ikawaacha. Nimeyasikia haya kutoka kwa wanafunzi wa Manchester na Sheffield, na kutoka kwa familia zilizosafiri na watoto, mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba kosa haliko kwa mtu mmoja mmoja. Kosa liko katika namna ya kupanga. Wengi huipanga siku kuanzia asubuhi kwenda mbele, ilhali safari ya namna hii hupangwa kinyumenyume: unaanza na treni ya kurudi, unarudi nyuma hadi saa ya jiko, kisha hadi saa ya kupanda kilima, ndipo unapojua saa ya kuamka.

Baa inayozungumziwa hapa ni Old Nags Head, iliyoko juu kabisa ya kijiji cha Edale, mkoa wa Derbyshire, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Peak District nchini Uingereza. Nyumba hiyo huhesabu umri wake tangu mwaka 1577, na mbele yake ndipo inapoanzia njia ya miguu ya Pennine Way, yenye urefu wa kilomita 431 hadi Kirk Yetholm, Scotland. Nimeichagua kwa sababu inafikika kwa treni bila gari, na kwa sababu ukiimudu Edale utazimudu karibu baa zote za kale za mashamba ya Uingereza.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuondoka

Mavazi. Buti za kutembelea zenye soli ya meno, soksi za sufu pamoja na jozi moja ya akiba, koti la mvua lenye kofia, na sweta. Epuka jinzi, kwa kuwa ikilowa huwa nzito, hukauka polepole na huuibia mwili joto. Chukua koti la mvua hata mwezi wa Julai.

Ramani. Ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, yenye alama OL1, iitwayo Dark Peak, ya kipimo cha 1:25,000. Simu ni msaada, lakini mtandao hukatika bondeni na betri huisha haraka kwenye baridi. Beba pawabenki iliyojaa.

Vitu vidogo. Tochi, filimbi, maji lita moja kwa kila mtu, karanga au tende, mfuko wa plastiki wa kuwekea buti zenye matope, kadi ya benki pamoja na pesa taslimu kidogo.

Kitambulisho. Pombe huuzwa kwa mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na baa nyingi huomba kitambulisho kwa yeyote anayeonekana kuwa chini ya miaka 25. Pasipoti au leseni ya udereva hutosha. Kadi ya chuo huweza kukataliwa.

Tiketi. Nunua tiketi ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda treni. Mwenye kadi ya punguzo ya vijana wa miaka 16 hadi 25 huondolewa theluthi ya nauli kwa tiketi nyingi, kwa hiyo safari chache tu hurudisha bei ya kadi yenyewe.

## Hatua ya 1: Tafuta kwanza treni ya kurudi

Edale iko kwenye reli ya Hope Valley, kati ya Manchester Piccadilly na Sheffield. Kutoka Sheffield ni kama nusu saa na zaidi kidogo, na kutoka Manchester ni kama dakika 45 hadi 50. Treni inayosimama ni ile ya polepole, ambayo siku nyingi hupita takriban mara moja kwa saa. Treni nyingi za kasi kati ya miji hiyo miwili hupita kituoni bila kusimama, na wapo waliopelekwa hadi mji wa pili kwa kupanda treni ya kwanza waliyoiona. Hakikisha jina la Edale limeandikwa kwenye orodha ya vituo vya treni unayoipanda.

Angalia ratiba ya siku hiyo hasa, kwa sababu Jumapili na sikukuu huwa na treni tofauti, na matengenezo ya reli hufanywa mara nyingi mwisho wa wiki. Andika saa ya treni utakayorudi nayo na ile inayofuata baada yake. Hiyo ya pili ni akiba yako. Usiipange kuwa ndiyo safari.

Tahadhari ya saa. Ratiba na matangazo ya jikoni huandikwa kwa saa za Kizungu. Ukisoma 14:30, hiyo ni saa nane na nusu mchana kwa hesabu yetu. Ukiwapangia wazazi au wageni waliotoka nyumbani karibuni, taja saa zote mbili, maana nimeona kundi likigawanyika kituoni kwa ajili ya jambo hili peke yake.

Umefaulu ikiwa unaweza kutaja saa mbili za kurudi bila kuangalia simu.

## Hatua ya 2: Piga simu baa kuuliza saa za jiko

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Baa kuwa wazi na jiko kuwa wazi ni mambo mawili tofauti. Nyumba nyingi za kijijini hupika chakula cha mchana, kisha wapishi hupumzika, halafu huwasha tena moto jioni. Katikati ya hapo utakuta mlango wazi, moto unawaka, watu wanakunywa, lakini chakula hakuna isipokuwa pakiti za krispi. Mimi mwenyewe nilifika baa moja ya mashambani saa tisa na robo alasiri na watoto wawili wenye njaa, nikaambiwa kwa upole kwamba jiko litafunguliwa saa kumi na mbili. Treni yetu ilikuwa ya saa kumi na moja.

Piga simu siku mbili au tatu kabla, na uulize mambo manne: jiko linafunga saa ngapi mchana wa siku hiyo, oda ya mwisho hupokelewa saa ngapi, kama wanaweza kukuwekea meza, na kama watoto wanaruhusiwa katika chumba utakachokaa. Usitegemee saa zilizoandikwa kwenye mtandao, kwa kuwa baa hizi hubadilisha saa zake kulingana na majira, na za baridi huwa fupi zaidi.

Ukienda Jumapili, kuweka meza si hiari. Siku hiyo Waingereza hula chakula chao kikubwa cha wiki: nyama ya kuokwa, viazi vya oveni, mboga za kuchemsha na mchuzi mzito wa kahawia. Mara nyingi hicho ndicho chakula kikuu kinachopikwa, na kikiisha kimeisha.

Kwa asiyetumia pombe wala nyama isiyo halali. Usikate tamaa ya safari, kwani baa ya kijijini hupokea kwa heshima mtu anayeagiza chai, maji ya soda yenye ndimu, au juisi. Maji ya bomba hutolewa bure ukiyaomba. Ni sharti la leseni yao. Kwenye chakula, sheria ya Uingereza huwataka wauzaji wakuambie kama chakula kina mojawapo ya vitu 14 vinavyoweza kusababisha mzio. Pombe na nguruwe havimo katika orodha hiyo, kwa hiyo hawatakuambia usipouliza. Uliza hasa haya: kama rojo ya unga wa kukaangia samaki imechanganywa na bia, jambo ambalo ni la kawaida, kama pai ya nyama imepikwa kwa bia, na kama chipsi hukaangwa katika mafuta yale yale ya soseji, au katika mafuta ya wanyama. Uliza kwa simu, wakati mpishi ana nafasi ya kujibu, badala ya kuuliza kwenye kaunta saa saba mchana watu wakiwa wamejazana nyuma yako.

Umefaulu ikiwa una meza kwa jina lako na unajua chakula utakachokula.

## Hatua ya 3: Panga matembezi yaishie kwenye meza

Jiografia ya Edale inakusaidia hapa. Kituo cha treni kiko upande wa kusini wa kijiji, na baa iko mwisho wa kaskazini, mwendo wa dakika kumi na tano hivi kwa barabara ya kijiji. Kilima cha Mam Tor, chenye kimo cha mita 517, kiko kusini ya kituo. Kwa hiyo panda Mam Tor kwanza ukitoka kwenye treni, teremka, kisha pita kijijini hadi baa ukiwa umekwisha kuitafuta njaa kwa haki.

Mfano wa siku ninaoupenda ni huu: kuwasili Edale saa nne asubuhi, kuwa kileleni kabla ya saa sita, kurudi kijijini saa saba na nusu, na meza kuwekwa kwa saa nane. Chakula kikiisha, mnatembea mashambani taratibu kwa saa moja, kisha mnateremka kituoni.

Kipimo kinachotumiwa na wapanda vilima ni saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja nyingine kwa kila mita 600 za mwinuko. Kwenda Mam Tor na kurudi ni takriban kilomita 9 ukihesabu na barabara ya kijiji, na mwinuko unakaribia mita 300. Hesabu itakupa saa mbili na robo. Kwa mgeni, kwa kundi lenye watoto, au kwa anayependa kupiga picha, ongeza nusu yake.

Tahadhari ya mwanga. Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea jua linalozama karibu saa ile ile mwaka mzima. Huku, mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na mwezi wa Juni hukaa hadi baada ya saa tatu na nusu usiku. Kuanzia Novemba hadi Februari, usiwe juu ya kilima baada ya saa nane mchana. Asubuhi ya safari soma utabiri wa milimani wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, kwa eneo la Peak District. Utabiri wa mjini hautoshi, kwa sababu upepo wa juu ya ukingo ni mkali zaidi na wingu hushuka likafunika kilele wakati bondeni kuna jua.

## Hatua ya 4: Panda Mam Tor

Ukitoka kituoni, shuka hadi barabara kuu ya bondeni, kisha fuata njia ya miguu inayopanda kusini hadi Hollins Cross, uwazi ulioko kwenye mgongo wa kilima. Zamani watu wa Edale walipita hapo hapo wakiwa wamebeba majeneza, wakienda kuzika upande wa pili, Castleton, kabla ya kuwa na kanisa lao. Ukifika ukingoni pinda kulia, kuelekea magharibi. Njia imetandikwa mabamba ya mawe, na kulia kwako utaona bonde lote la Edale, na nyuma yake ukuta mweusi wa Kinder Scout. Kushoto ni Castleton na magofu ya ngome ya Peveril.

Tembea juu ya mawe yaliyotandikwa. Yaliwekwa kwa sababu nyayo za watu wengi zilikuwa zinaufuta udongo, na kila anayekwepa dimbwi kwa kukanyaga majani huipanua njia na kuongeza mmomonyoko. Kukiwa na barafu, mawe hayo huteleza sana. Punguza hatua na weka unyayo wote chini.

Mwendo wa shambani una adabu yake, nayo si ngumu:

Lango ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ulilolikuta wazi kwa makusudi, liache wazi, kwa sababu huenda mfugaji ameliacha ili kondoo wafikie maji. Ukuta wa mawe huvukwa kwa ngazi iliyowekwa, haupandwi popote, maana mawe yake hayana saruji na huporomoka. Usipite kati ya ng'ombe na ndama wake. Mbwa afungwe kamba mifugo ikiwa karibu. Unapokutana na mtu njiani, salamu fupi hutosha, na kutosalimu kabisa huonekana ni ukavu. Katika hili Waingereza wa vilimani wanafanana na sisi kuliko wale wa mjini.

Una haki ya kupita. Njia za umma zimewekewa vibao, na sehemu kubwa ya nyanda za juu ni ardhi ambayo sheria ya mwaka 2000 inamruhusu kila mtu kuitembea kwa miguu. Haki hiyo ilipiganiwa hapa hapa: mwaka 1932 vijana walikwenda jela baada ya umati kupanda Kinder Scout bila ruhusa ya wenye ardhi. Nalitaja hili kwa sababu wageni wengi huniambia waliogopa kuingia shambani wakidhani watafukuzwa.

Ukipata ajali, piga 999, omba polisi, kisha waombe waokoaji wa milimani. Kabla ya safari tuma ujumbe wenye neno «register» kwenda 999, ili simu yako iweze kuomba msaada kwa maandishi pale ambapo sauti haipiti. Bila mtandao, puliza filimbi mara sita ndani ya dakika moja, pumzika dakika moja, rudia.

Kinder Scout yenyewe iache kwa safari nyingine. Ina kimo cha mita 636, na juu yake ni uwanda mpana wa mboji nyeusi iliyokatwakatwa na makorongo yanayofanana. Ukungu ukishuka, hata wenyeji hutegemea dira. Si mahali pa kujifunzia wakati jiko linafunga saa nane na nusu.

Umefaulu ikiwa uko kwenye barabara ya kijiji nusu saa kabla ya muda wa meza yako, na bado una nguvu za kuongea.

## Hatua ya 5: Ingia, agiza, kaa

Mlangoni, kwangua matope ya buti. Ukiona buti zimepangwa nje au barazani, vua na wewe, uingie na soksi zako za akiba. Usipoziona, uliza. Baadhi ya nyumba zina chumba chenye sakafu ya mawe kwa watembeaji, na zulia la chumba cha pili halitaki matope yako.

Nenda kaunta kwanza, kwa sababu ndipo kila kitu kinapoanzia. Katika baa za Uingereza, mhudumu kwa kawaida haji mezani kuchukua oda ya kinywaji, na mara nyingi hata ya chakula. Mtu anayekaa na kusubiri huonekana tu kama mtu anayepumzika. Taja jina la meza yako, tazama namba yake, kisha uagize kwa kutaja namba hiyo na ulipe papo hapo. Chakula ndicho kitakacholetwa.

Hutaona foleni kwa macho, lakini foleni ipo. Wateja husimama wametawanyika kandokando ya kaunta, na kila mmoja anamjua aliyemtangulia. Simama mahali unapoonekana, mtazame mhudumu, usipunge mkono wala kupiga kaunta, na usitoe sauti ya kumwita. Akikuuliza kabla ya mtu aliyekutangulia, mwonyeshe huyo mtu. Tendo hilo dogo litakupa heshima ya ukumbi mzima.

Bia huuzwa kwa painti, ambayo ni mililita 568, au nusu yake. Ile inayovutwa kwa mkono kutoka pipani hunywewa kwa ubaridi wa chumba cha chini, nyuzi 11 hadi 13 hivi. Haikuharibika, ndivyo inavyotakiwa iwe. Mkienda kama kundi, desturi ni raundi: mmoja hununulia wote, na wa pili hufuata. Asiyekunywa pombe huingia katika raundi kwa soda yake, na hutoa zamu yake kama wengine. Kupokea tatu bila kutoa hata moja hukumbukwa.

Dereva asinywe. Kiwango cha sheria England ni miligramu 80 za kilevi kwa mililita 100 za damu, na hakuna hesabu ya glasi inayoweza kukuhakikishia uko chini yake. Barabara ya kutoka Edale kupitia Mam Nick ni nyembamba na ina kona kali.

Ukimaliza, rudisha glasi kaunta na ushukuru. Si lazima, lakini hupendwa. Bakshishi haitarajiwi kwa kinywaji cha kaunta.

Ikiwa baa imejaa au imefungwa ghafla, teremka kijijini hadi Rambler Inn, karibu na kituo. Uliza jiko kabla ya kukaa.

Umefaulu ikiwa ndani ya dakika kumi za kuingia una kinywaji mkononi na namba ya meza imo kwenye oda.

## Hatua ya 6: Shamba la jioni, kisha treni

Karibu na baa kuna alama ya mwanzo wa Pennine Way. Ifuate kuelekea magharibi, kupitia mashamba ya kondoo, kwenda Upper Booth. Ni kama kilomita 2.4 kwenda tu, na haina mwinuko mkubwa. Si lazima ufike. Tembea dakika thelathini, geuka, urudi. Kwa wazee na watoto ambao hawakupanda Mam Tor, haya ndiyo matembezi yao ya siku, na hawatakuwa wamekosa bonde.

Geuka mapema zaidi ya unavyodhani. Kutoka baa hadi jukwaa la treni weka dakika ishirini na tano, kwa sababu miguu iliyoshiba haiendi kama ya asubuhi, na kwa sababu ni lazima ujue jukwaa la kuelekea Sheffield ni lipi na la kuelekea Manchester ni lipi kabla treni haijaonekana. Vaa soksi kavu kituoni, na buti zenye matope zitie kwenye ule mfuko wa plastiki.

Umefaulu ikiwa umesimama kwenye jukwaa sahihi dakika kumi kabla, na treni ya akiba hukuihitaji.